Zamu ya Kujibu: Tashtiti, Tofauti za Watu na Jukwaa la Kicheko, kutoka Kizingitini hadi Nairobi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameishughulikia tashtiti kwa muda mrefu, lakini aghalabu wameitafuta katika riwaya na tamthilia. Mtu anayesimama peke yake mbele ya watu na kuwachekesha kwa kuwasema wao wenyewe amehesabiwa kuwa mtoa burudani tu, asiyestahili uhakiki. Mtazamo huo una kasoro mbili. Kwanza, unasahau kwamba tashtiti kongwe katika Kiswahili ilitolewa kwa mdomo, hadharani, na mara nyingi masikioni mwa mlengwa mwenyewe. Pili, unaliacha bila kuulizwa swali ambalo haliepukiki katika nchi yenye makabila, dini na lahaja nyingi: nani ana haki ya kumcheka nani, na anayechekwa ana nafasi gani ya kujibu?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kihistoria, kwa kuanzia mahali ambapo ramani za fasihi huparuka: Kizingitini, mji wa wavuvi ulioko kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Hoja ya msingi ni kwamba katika mwambao wa kaskazini tashtiti ilijengwa juu ya majibizano, na kwamba kilichoifanya iwe chombo cha jamii, badala ya tusi tupu, kilikuwa zamu ya mlengwa. Redio, televisheni na jukwaa la kisasa vilipanua hadhira ya kicheko na kuwaleta pamoja watu wa kila kabila, lakini viliikata zamu hiyo. Kwa hiyo wingi wa makabila jukwaani si lazima uwe usawa wa makabila jukwaani.

Kwa "uchekeshaji wa jukwaani" inakusudiwa hapa sanaa ya mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na hadhira inayosemwa ana kwa ana. "Onyesho maalumu" ni umbo lake lililorefushwa: mchekeshaji mmoja anaishika hadhira kwa saa moja hivi, na onyesho lote linarekodiwa na kusambazwa kama kazi kamili. Mfano unaotajwa sana katika historia ya umbo hilo ni filamu ya Mmarekani Richard Pryor ya mwaka 1979, ambamo ubaguzi wa rangi uligeuzwa kuwa kicheko na Mweusi aliyeubeba mwilini mwake. Tangu hapo umbo hilo limeenea duniani. Mwaka 2017 Trevor Noah wa Afrika Kusini alitoa onyesho lake la Afraid of the Dark kupitia Netflix, akiigiza lafudhi za mataifa mengi kwa kinywa kimoja. Kinywa kimoja kubeba watu wengi ndiyo nguvu ya sanaa hii, na ndiyo hatari yake.

Kizingitini na ngazi za dharau

Kisiwa cha Pate kina miji yenye historia nzito. Mji wa Pate ulikuwa dola. Siyu ulisifika kwa wanazuoni na mafundi, na uliupinga utawala wa Zanzibar hadi mwaka 1863. Faza, au Rasini, uliteketezwa na Wareno mwaka 1587. Kizingitini, pamoja na majirani zake Mbwajumwali na Tchundwa, ni miji ya Wabajuni, ambao lahaja yao huitwa Kibajuni au Kitikuu. Jina Tikuu lenyewe huelezwa kuwa lina maana ya nchi kuu, yaani bara iliyo ng'ambo ya visiwa. Watu wa miji hii waliishi kwa bahari na kwa shamba: walivua samaki na kamba mawe, wakavuka kwenda bara kufyeka misitu na kulima mashamba ya kuhamahama.

Maisha hayo yaliwapa nafasi maalumu katika mpangilio wa heshima wa visiwa. Muungwana wa Lamu, mwenye nyumba ya mawe na nasaba iliyoandikwa, alimwona Mbajuni kuwa mtu wa chombo na jembe. Lahaja yake ilionekana ya kando, ingawa kwa upande wa historia ya lugha ina ukongwe ambao lahaja nyingine haziwezi kuubeza. Baadaye, taifa la Kenya lilipoundwa, muungwana wa Lamu naye alijikuta kando. Kiamu chake kikawa kigeni mbele ya Kiswahili sanifu cha shuleni, na adabu yake ya kusema kwa mzunguko ikafasiriwa kuwa uvivu. Ngazi za dharau zikapangana: Lamu iliicheka Kizingitini, na Nairobi ikaicheka Lamu, mara nyingi bila kujua kwamba kuna tofauti baina ya hizo mbili.

Ngazi hizo zinaonyesha kwamba neno "Mpwani", linalotumiwa jukwaani kana kwamba linataja mtu wa aina moja, linafunika tofauti nyingi. Mbajuni wa Kizingitini, Mwamu wa Mkomani, Mvita wa Mombasa, Mmijikenda wa Kilifi na Mpokomo wa mto Tana wote wanatiwa katika sauti moja ya polepole inayovutwa vutwa. Tashtiti inayodai kusherehekea tofauti za watu huanza kwa kuzifuta.

Kuduhu: tashtiti yenye pande mbili

Ushahidi mashuhuri wa majibizano katika eneo hili unatokana na mzozo uliofikia kilele chake katika vita vya Kuduhu, karibu na Shela, mnamo mwaka 1812 hivi. Mazrui wa Mombasa, wakiungana na Pate, walitaka kuitiisha Lamu, Lamu ikashinda. Kabla ya silaha kugongana, na hata baadaye, washairi wa pande mbili walipelekeana tungo. Upande wa Mombasa alisimama Muyaka bin Haji. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, mtu aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizikusanya na kuzifafanua tungo hizo katika kitabu cha Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichochapishwa mwaka 1995.

Kwa uchunguzi huu, kanuni iliyozitawala tungo hizo ina uzito kuliko ukali wake. Aliyetupa fumbo alitarajia kurudishiwa fumbo. Mara nyingi jibu lilifuata vina na mizani ya shairi lililotangulia, au lilichukua sitiari yake na kuigeuza dhidi ya mwenyewe. Hivyo kumjibu mtu kulikuwa pia kumkubali kuwa hasimu wa hadhi sawa: anayedharauliwa kabisa hajibiwi. Mshairi aliyemdhihaki mwenzake alikuwa akimpa, kwa tendo hilo hilo, mwaliko wa kusema.

Fumbo lilikuwa na kazi nyingine pia. Jamii hizi ni za Kiislamu, na aya ya 11 ya Sura ya Hujurat inakataza kaumu moja kuidharau nyingine na watu kuitana kwa majina ya kuudhi, kwa kuwa anayedharauliwa huenda akawa bora kuliko anayemdharau. Katika mazingira kama hayo mtunzi hakuwa huru kumtaja mtu kwa jina na kumvua nguo hadharani. Fumbo lilimwezesha kusema bila kutaja, na lilimwachia mlengwa hiari: akijitambua, ajibu, akitaka kujistahi, anyamaze kana kwamba hakuhusika.

Hata hivyo, si sawa kuutukuza utaratibu huo kupita kiasi. Zamu ya Kuduhu ilikuwa zamu ya wakuu. Mtumwa, mgeni na maskini walisemwa katika tungo, lakini hawakusema. Pate na Mombasa zilijibizana na Lamu. Mvuvi wa Kitikuu aliyepanda jahazi kwenda vitani hakuachiwa ubeti. Historia ya tashtiti katika mwambao huu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya walionyimwa zamu wakiitafuta.

Pembe, shamba na beni

Mahali pa kwanza ambapo zamu hiyo ilipatikana palikuwa arusini. Katika vugo, wanawake hupiga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba kwa kupokezana. Nyimbo za vugo humsifu bibi arusi, lakini pia hutoa nafasi ya vijembe: kwa wakwe, kwa mke mwenza, kwa jirani mwenye majivuno. Kwa kuwa ni jambo la sherehe, mwenye kuguswa hawezi kukasirika bila kujitia aibu mwenyewe. Njia yake pekee ni kuingia mduarani na kuimba. Kwa njia hiyo mwanamke ambaye sauti yake haikusikika barazani aliweza kusikika uani.

Mahali pa pili, ambapo ni pa Wabajuni hasa, palikuwa shambani. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba jipya, wakulima walikesha wakiimba vave, tungo ndefu zilizohifadhiwa kwa kumbukumbu na kutolewa kwa mwimbishaji na waitikiaji. Vave si tashtiti, wala si haki kuipachika jina hilo. Ni elimu ya mimea, wanyama, moto na riziki. Lakini kwa mhakiki wa jukwaa ina funzo la umbo. Hadhira ya vave haikukaa kimya ikisubiri kufurahishwa, kwa kuwa kiitikio chake ndicho kilichouruhusu wimbo uendelee. Fanani asiyeitikiwa hakuwa na wimbo.

Mkesha huo ulivunjwa na siasa. Wakati wa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, vijiji vingi vya Wabajuni vya bara vilihamwa. Wakazi wake walikimbilia visiwani, Kizingitini na Faza zikiwamo, na wengine wakafika Lamu, Malindi na Mombasa. Shamba la bara lilipoondoka, mkesha wa vave nao ulipoteza mahali pake. Tukio hilo linapaswa kukumbukwa na yeyote anayesema kwamba sanaa za wenyeji zilikufa kwa sababu zilipitwa na wakati. Sanaa hii ilipoteza ardhi yake kabla ya kupoteza hadhira yake.

Mahali pa tatu palikuwa ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia historia yake mwaka 1975. Huko Lamu beni iliingia katika ushindani wa zamani wa mitaa miwili, Mkomani na Langoni, na ikaupa ushindani huo tarumbeta, sare na vyeo vya kuigiza vya kijeshi. Walioicheza waliwakejeli wapinzani wao kwa nyimbo, na kwa kuvaa kama maofisa wa kikoloni waliwakejeli pia watawala, japo kejeli hiyo ilijificha ndani ya heshima. Hapa pia kanuni ilikuwa ile ile: kundi moja likitoka leo, jingine lilijiandaa kutoka kesho. Nyimbo hizo zilikuwa na ukatili wake, kwa kuwa asili ya utumwa ya mtu iliweza kutupwa hadharani kama jiwe. Lakini waliokuwa wakitupiwa mawe hayo sasa walikuwa na ngoma yao wenyewe, na kila mwamba ngoma, kama wasemavyo wahenga, ngozi huivutia kwake.

Kimwondo: kura na kejeli katika Lamu Mashariki

Mfano wa karibu zaidi na Kizingitini, na pengine wa mwisho kwa ukubwa wake, ulitokea katika kinyang'anyiro cha ubunge cha mwaka 1974 na 1975. Mzamil Omar Mzamil na Abubakar Madhubuti walishindania kiti cha Lamu Mashariki, jimbo ambalo Kizingitini imo ndani yake. Wafuasi wa wagombea hao walijibizana kwa mashairi yaliyokuja kujulikana kama Kimwondo, ambayo Assibi Amidu aliyafanyia uchunguzi katika kitabu chake cha mwaka 1990. Miongoni mwa watunzi alikuwa Mahmoud Abdulkadir, maarufu kama Ustadh Mau, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1952, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu na baadaye akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili wa zama hizi.

Kimwondo ni nyota inayokimbia angani usiku. Katika imani ya Kiislamu ni kombora linalomfukuza shetani anayenyemelea habari za mbinguni. Jina hilo peke yake linaeleza shabaha ya tungo: mpinzani ndiye mnyemeleaji, na ubeti ndio moto unaomfuata. Lakini umuhimu wa Kimwondo kwa historia ya tashtiti unatokana na mambo mawili zaidi ya ukali.

La kwanza ni kwamba iliipeleka kanuni ya Kuduhu kwa mpiga kura. Waliokuwa wakishindana hawakuwa wafalme wawili, bali wagombea waliomhitaji mvuvi wa Kizingitini na mkulima wa Faza. Tungo zililazimika kueleweka na watu hao, kuwachekesha na kuwashawishi. Mtikuu, ambaye katika vita vya mwaka 1812 alikuwa mpiga makasia, sasa alikuwa hakimu wa kicheko, na hukumu yake ilihesabiwa katika sanduku la kura.

La pili ni kwamba hakuna upande ulioachwa bila jibu. Msikilizaji alilisikia shambulio na akalisikia pia jibu lake, na ilimpasa kuamua ni lipi lililo na hoja na ni lipi lililo na matusi tu. Kwa njia hiyo majibizano yaliifundisha hadhira uhakiki. Aliyesikiliza upande mmoja hakuwa amesikiliza shairi zima.

Sauti bila mwenyewe

Wakati Kimwondo kikiruka Lamu, chombo kingine kilikuwa kikikua Nairobi. Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, ilijenga mtindo wa vichekesho vya Kiswahili uliowakusanya watu wa makabila mbalimbali katika fremu moja. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilifuatwa kwa miaka mingi, na haikuwa kazi ndogo: katika nchi iliyozoea kuwagawa watu, vipindi hivyo viliwaketisha Wakenya mbele ya kicheko kimoja na kwa lugha moja.

Mbinu kuu ilikuwa lafudhi. Mhusika alitambulika kabila lake mara tu alipofungua kinywa, na Kiswahili chake kilichopinda ndicho kilichokuwa kichekesho. Mfano ulio wazi ni wa Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini kwa miongo kadhaa alipendwa nchi nzima kama Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo. Kwa upande mmoja, hilo ni ushahidi wa ufundi mkubwa na wa ukarimu wa hadhira: Wajaluo wenyewe walimpenda. Kwa upande mwingine, ni mwanzo wa hali mpya katika historia ya tashtiti, ambapo sauti ya jamii inaweza kutengana na watu wa jamii hiyo na kuwa vazi la kuvaliwa na mwingine.

Vioja Mahakamani vinaonyesha mpaka wa hali hiyo. Mandhari ya kipindi ni mahakama, na mahakama kwa desturi yake humpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Kwa umbo, basi, zamu ya kujibu imo. Lakini maneno ya mshtakiwa na ya shahidi yamepangwa na mkono mmoja. Mtazamaji aliyeko Kizingitini, akisikia Kiswahili chake kikiigizwa vibaya, hana kizimba cha kupanda. Redio na televisheni husema nao hawaambiwi. Ndipo mlengwa wa tashtiti, ambaye kwa karne mbili alikuwa hasimu, akageuka kuwa mada.

Jukwaa la Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliosomea Chuo Kikuu cha Kenyatta, John Kiarie, Walter Mong'are na Tony Njuguna, waliingia jukwaani kwa jina la Redykyulass na kuanza kumwigiza Rais Daniel arap Moi. Moi alikuwa madarakani tangu mwaka 1978, na kwa muda mrefu kumwigiza hadharani kulikuwa jambo la kuogopesha. Kwa uhakiki, Redykyulass inahitaji kutenganishwa na kejeli za kikabila. Inapodhihakiwa dola, zamu ya kujibu si tatizo: mtawala ana redio, polisi na mahakama. Tashtiti inayopanda kuelekea kwa mwenye nguvu haihitaji kumtafutia nafasi ya kusema, kwa kuwa nafasi zote ni zake. Haja hiyo huzaliwa pale tashtiti inaposhuka.

Katika muongo uliofuata Daniel Ndambuki, anayejulikana kama Churchill, alianzisha maonyesho ya televisheni yaliyowapa wachekeshaji chipukizi dakika chache za kusimama na kipaza sauti. Makumi ya majina yalitoka hapo. Kinyume na zama za Vitimbi, wengi wa wachekeshaji hao walijisema wenyewe: Mmeru aliwachekesha watu kwa Umeru wake, Mkamba kwa Ukamba wake, Mluhya kwa Uluhya wake. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na baada ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kuharamisha uchochezi wa kikabila, lilikuwa jambo la faraja kuona makabila yakichekana katika ukumbi mmoja na kurudi nyumbani salama.

Lakini yapo mambo mawili yanayopunguza faraja hiyo. Kwanza, kujisema mwenyewe mbele ya hadhira kubwa kuna gharama. Mchekeshaji hulipwa kicheko kwa kuthibitisha kile ambacho hadhira ilikuwa inakiamini tayari: kabila hili linapenda pesa, lile linapenda makuu, hili linapenda ugomvi. Utani wa jadi wa makabila uliruhusu maneno makali zaidi ya hayo, lakini uliambatana na wajibu: mtani ndiye aliyekuzika na ndiye aliyekusaidia. Jukwaa liliuchukua uhuru wa mtani na kuuacha wajibu wake.

Pili, nafasi hizo hazikugawanywa sawa. Sanaa hii imekulia Nairobi, katika Kiingereza, Sheng na Kiswahili cha bara, na safari ya kutoka Kizingitini kwa boti hadi Lamu, na kutoka Lamu kwa basi hadi Mombasa na Nairobi, ni ndefu kwa maana zaidi ya moja. Hivyo Mpwani wa jukwaani mara nyingi ni kiumbe kilichobuniwa na asiyekuwa wa pwani: mtu wa maneno matamu, kazi kidogo, majini mengi na usingizi wa mchana. Picha hiyo inaweza kulinganishwa na ile aliyoijenga Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Majuto naye alimchora mtu wa pwani mwenye hila, mlafi na mwoga. Lakini aliichora kwa ulimi wa nyumbani, na kila kasoro aliyoionyesha ilikuwa na akili nyuma yake. Katika kazi zake Mpwani hachekwi kwa kuwa Mpwani. Huchekwa kwa kuwa binadamu, na Upwani wake ndio unaompa maneno ya kujinasua. Lafudhi ile ile inaweza kuwa dhihaka au kuwa silaha, kutegemea nani ameishika.

Lahaja si mzaha tu

Huenda ikasemwa kwamba haya ni malalamiko ya watu wasiojua kucheka, na kwamba kuiga matamshi hakumwumizi mtu. Kwa Mbajuni, historia ya karibuni inasema vinginevyo.

Dola la Somalia lilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Kismayu walikimbilia Kenya, wakifuata njia za bahari ambazo babu zao walizipita kwa biashara na kwa ndoa. Watu waliokuwa jamii moja ya pwani moja sasa walitenganishwa na swali la uraia. Kwa Mbajuni wa Kenya, kupata kitambulisho mara nyingi kumemaanisha kuthibitisha zaidi ya anachotakiwa kuthibitisha Mkenya mwingine. Katika miaka ya 2000, huko Uingereza, lahaja ya Kibajuni iligeuka kuwa ushahidi katika maombi ya hifadhi: rekodi za sauti za waombaji zilichunguzwa ili kuamua kama msemaji ametoka Somalia au Kenya. Matamshi ambayo muungwana wa Lamu aliyacheka, na ambayo Nairobi haikuyatofautisha na ya Mombasa, yaliweza kuamua kama mtu atapewa makao au atarudishwa.

Anayesikilizwa kwa shaka ofisini hukutana jukwaani na sikio lile lile. Mzaha unaosema kwamba Kiswahili cha mtu huyu si cha kawaida unafanana sana na afisa anayesema kwamba mtu huyu si wa hapa. Si kwamba mchekeshaji anakusudia hivyo. Ni kwamba mzaha, kama methali, hufanya kazi hata msemaji wake asipokuwepo.

Wala mada za tashtiti kutoka upande wa pili hazikosekani. Watu wa visiwa vya Lamu wameishi na amri za kutotoka usiku, na marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa kwa sababu za usalama, ilhali samaki hawajui saa za serikali. Wameona bandari mpya ikizinduliwa mwaka 2012 na gati lake la kwanza kufunguliwa mwaka 2021 katika maji yao ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bahari imewekewa bei, na mvuvi ametakiwa athibitishe kuwa mvuvi: mtunzi wa beni angeipata hapo kazi ya msimu mzima. Kinachokosekana ni jukwaa ambalo kicheko cha Kizingitini kinaweza kufika mbali kama kicheko kinachoihusu.

Mjadala huu si wa Afrika Mashariki peke yake. Oktoba 2021 baadhi ya wafanyakazi wa Netflix waliacha kazi kwa saa kadhaa kuupinga utani wa Mmarekani Dave Chappelle kuhusu watu waliobadili jinsia, katika onyesho lake la The Closer. Watetezi wake walisema msanii lazima awe huru. Wapinzani wake walisema utani huwadhuru wasio na nguvu. Pande zote mbili zilizungumzia kama onyesho lifungiwe au liachwe. Desturi ya Lamu ingeuliza swali jingine: jibu liko wapi? Katika majibizano, shairi baya halikufungiwa. Lilishindwa na shairi zuri.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa haiungi mkono dai kwamba zamani watu walichekana kwa upole na kwamba siku hizi wanachekana kwa ukatili. Tungo za Kuduhu zilitangulia damu, nyimbo za beni zilifukua asili za watu, na Kimwondo kiliunguza. Tofauti iko katika muundo. Katika tungo hizo zote, dhihaka ilikuwa nusu ya kazi ya sanaa, na nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa aliyedhihakiwa. Kadiri zamu hiyo ilivyopanuka, kutoka kwa wakuu hadi kwa wanawake wa vugo, wacheza beni na wapiga kura wa Lamu Mashariki, ndivyo tashtiti ilivyozidi kuwa mali ya jamii. Vyombo vya utangazaji viliongeza idadi ya watu wanaocheka na kupunguza idadi ya wanaojibu.

Onyesho maalumu, kwa umbo lake la mtu mmoja asiyekatizwa, ndilo kilele cha upunguaji huo, na kwa hiyo linamtwisha mchekeshaji mzigo ambao Muyaka hakuubeba: analazimika kumtungia hasimu wake jibu, na kulitunga vizuri. Wachekeshaji walio bora hufanya hivyo. Humpa mtu wanayemwigiza sentensi ya mwisho, na huiacha imchome mwigizaji mwenyewe. Kwa kipimo hicho, mhakiki anayelitathmini jukwaa la Kenya asihesabu tu ni makabila mangapi yametajwa. Ahesabu ni mangapi yamejibu.

Simu ya mkononi imeanza kuirudisha zamu hiyo kwa njia isiyotarajiwa. Kijana aliyeko kisiwani anaweza leo kujirekodi akisema kwa lahaja yake, bila kupita Nairobi, na kicheko chake kikamfikia aliyemcheka jana. Kama sauti hizo zitakomaa kuwa sanaa, zitakuwa na urithi wa kuegemea ulio mkubwa kuliko zinavyodhaniwa. Kizingiti ni mahali pa kuingilia, si mahali pa mwisho wa nyumba, na mji uliopewa jina hilo umeshakaa muda mrefu mlangoni ukiwasikiliza walio ndani wakicheka.